Kumi au Zaidi

“Ngapi leo?” baba aliuliza kabla binti hajavua viatu mlangoni.

“Nne.”

“Nne za robo ya kwanza?”

“Nne za mechi nzima, baba. Tumeshinda sabini na sita kwa hamsini.”

Fundi aliondoa mguu kwenye kikanyagio cha cherehani, na gurudumu likazunguka lenyewe mara mbili tatu kabla ya kutulia. Hakusema hongera. Suruali aliyokuwa akiishona ilikuwa imekwenda upande, naye akaanza kuufumua mshono kwa wembe, polepole, ingawa mwenye suruali alikwisha pita mara mbili kuiulizia na mara ya pili aliondoka bila kuaga.

Chumba kile cha mbele kilikuwa ndicho karakana, saluni na sebule. Dirishani palikuwa pa fundi na cherehani yake. Kwenye kona ya mlango palikuwa pa mkewe, msusi, na kigoda chake na mfuko wa nywele za bandia. Katikati ndipo familia ilipokula. Binti aliingia akiinamisha kichwa kama ilivyokuwa desturi yake kwenye kila mlango wa mtaa ule. Majirani walimwita Ngazi, kwa sababu tangu ana miaka kumi na mitatu ndiye aliyekuwa akienda nyumba hadi nyumba kuwabadilishia taa zilizoungua, bila kupanda juu ya kitu chochote. Walimpenda, wakamcheka, wakamtuma. Chuo peke yake ndicho kilichopata kumwambia kwamba urefu ule ni mali.

Na chuo kilimaanisha hivyo. Kilimlipia ada, kikampa kitanda bwenini na chakula cha mara tatu kwa siku, ili aichezee timu ya wasichana ya mpira wa kikapu. Barua ilikuwa na sharti moja tu: kwa mechi kumi za muhula, wastani wake uwe alama kumi kwa mechi, au zaidi. Ukipungua, udhamini unakoma. Bila udhamini hakuna chuo. Hilo halikuhitaji kujadiliwa katika nyumba ile, kama watu wasivyojadili kwamba mvua hulowesha.

“Mechi tatu za mwanzo ulifunga kumi na tisa, kumi na saba, ishirini,” baba alisema. Hakusoma popote, alizijua kama anavyojua kiuno cha mteja wa siku nyingi. “Halafu wakaja hao wawili. Sita. Nne. Nane. Tano. Leo nne. Themanini na tatu. Zinatakiwa kumi na saba kwa mechi mbili.”

“Najua, baba.”

“Zamani hizo ulikuwa unazipata kabla ya mapumziko.”

“Zamani tulikuwa tunafungwa.”

“Mimi nataka nielewe. Nieleweshe kama mjinga.”

Binti alivuta kopo la vifungo lililokuwa juu ya meza ya kukatia. Akapanga vifungo vyeusi vitano, vyeupe vitano, na kimoja cha koti, kikubwa kupita vyote, akakiweka mahali pa kimoja cheupe.

“Weusi ni wao. Weupe ni sisi. Huyu mkubwa ni mimi. Zamani hatukuwa na mtu wa kufunga kutoka mbali, kwa hiyo wao walikuwa wanajaa hapa, chini ya kikapu. Watatu wananilalia mimi peke yangu. Napigwa viwiko, naupata mpira, nafunga.” Akavisogeza vifungo. “Wakaja hao wawili. Kidole na mwenzake. Wale wetu wawili wengine nao wakajifunza. Sasa wako wanne nje, na ukimwacha yeyote peke yake anakufunga. Weusi wamewafuata huko huko nje. Tazama.”

Fundi alitazama. Kifungo cha koti kilikuwa kimebaki katikati, na pembeni yake meza tupu.

“Pako wazi,” alisema, na uso ukamchangamka kidogo. “Mpira uje hapo basi. Hapo hapana mtu.”

“Ukija, wanarudi. Wakirudi natakiwa niutoe nje tena, maana huko ndiko kumebaki wazi. Na mara nyingi hauji kabisa, kwa sababu mimi mwenyewe siko hapo. Niko huku.” Akakipeleka kifungo kikubwa mbali na kikapu, akakibana ubavuni mwa kimoja cheusi. “Nasimama kwenye njia ya huyu anayemlinda Kidole. Akinigonga mimi, Kidole anapata nafasi ya kupiga.”

“Unasimama.”

“Nasimama.”

“Na kusimama wanakuandikia ngapi?”

“Mwache mtoto ale,” mama alisema kutoka kona yake.

Binti alivirudisha vifungo koponi. Begani alikuwa na alama nyekundu ya kugongwa, nayo mama aliiona wakati wa kumpa sahani, akajifanya hakuiona.

*

Jumatatu fundi alifunga karakana, akaenda chuoni kumwona kocha. Alikaa kwenye benchi la nje ya ofisi ya michezo tangu saa mbili. Saa nne kocha alitokea, mtu mwembamba mwenye filimbi shingoni, akafurahi kweli kumwona.

“Fundi, Mungu amekuleta. Nina bukta tatu za timu zimechanika mapajani. Una sindano?”

Sindano alikuwa nayo, ikiwa imechomekwa kwenye ukosi wa shati kama siku zote. Angeweza kusema kwamba hakuja kwa ajili ya bukta. Ila mtu anayekuja kuomba hachagui namna ya kupokewa, naye akazipokea, akarudi benchini, akaanza kushona. Wanafunzi walipita na kurudi. Mmoja alisimama kumuuliza kama anapokea na zipu. Saa tano binti yake akapita akiwa na wenzake wawili wa darasani, wamekumbatia madaftari. Alisimama, akamwamkia baba yake kwa sauti ya kusikika, wala hakuona haya. Aliyeona haya ni baba, aliyeificha bukta chini ya mkono kama mwizi.

Alipoitwa ndani, kocha alizikagua zile nyuzi, akasema safi sana, akazitundika.

“Ni juu ya binti yangu,” fundi alisema. “Alama zake.”

“Binti yako? Fundi, lala usingizi. Muhula uliopita timu hii ilikuwa inafunga hamsini ikijitahidi. Sasa inafunga sabini, themanini. Watu wanawasifu wapigaji wa mbali, na wana haki, lakini nani anawafungulia njia? Ni yeye. Bila yeye wale ni wasichana wafupi wanaorusha mpira.”

“Niandikie hivyo kwenye karatasi.”

“Nikuandikie ili iweje?”

“Nipeleke kwa wanaolipa.”

Kocha alikuna kidevu. Alikuwa mtu mwema, na wema wake haukuwa na funguo za mlango wowote. “Mambo ya barua si yangu. Yako kwa karani wa udhamini, ghorofa ya pili.”

“Basi mpe mipira zaidi. Miwili mitatu tu kila robo.”

“Nikibadilisha mchezo unaoshinda ili mmoja apate alama zake, hawa kumi na mmoja waliobaki niwaambie nini? Na wao wana wazazi.”

Fundi akapanda ghorofa ya pili. Karani alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa uzi, naye hakumweka benchini hata dakika moja. Alilitoa jalada, akalifungua, akalisoma huku midomo ikicheza, kisha akalifunga kwa mikono miwili.

“Fundi, hili sharti unakumbuka limetoka wapi?”

Fundi alilitazama lile jalada.

“Sisi tuliandika ‘awe mchezaji wa timu’, basi. Hiyo ilikuwa inalipa ada peke yake. Nikakueleza kwamba wanaolipiwa na kitanda na chakula ni wale wanaoahidi kiwango. Ukasimama hapo hapo ulipo sasa, ukasema, andika kumi, huyu hata akiwa na homa hafungi chini ya kumi. Mimi nikakuuliza, una hakika, baba? Ukacheka.”

Alikumbuka. Alikumbuka hata shati alilovaa. Na haikuwa uongo siku ile: msichana alikuwa anafunga kumi na tano bila kutoka jasho. Baba mwingine angetia sahihi mahali pa ada tu, akashukuru, akaenda kuhangaika na chakula. Yeye alikuwa amesikia binti yake akiitwa Ngazi kwa miaka sita, na siku hiyo watu wa kalamu walikuwa wanamwuliza, kwa heshima, anaweza nini.

“Nilidhani nampa zaidi,” alisema.

“Najua.”

“Hakuna mahali pa kuandika kwamba anasaidia? Kwamba wengine wanafunga kwa sababu yake?”

Karani alimgeuzia fomu ili aione mwenyewe. Kulikuwa na jina, namba ya usajili, na kisanduku kimoja kidogo. “Humu inaingia namba,” alisema. “Na mimi siiandiki kwa hisani, inaletwa na waandishi wa mechi.”

Jumatano walicheza mechi ya tisa. Walishinda kwa alama ishirini na mbili. Binti alifunga tatu.

*

Zilitakiwa kumi na nne, na mechi ilikuwa imebaki moja, ya Jumamosi. Ijumaa alasiri Kidole mwenyewe alikuja kusukwa.

Alikuwa msichana mfupi, mwenye maneno mengi na vifundo vya mikono vyembamba. Jina lake lilitokana na tabia yake ya kuinua kidole kimoja kila mpira wake ulipoingia, kama mtu anayeagiza chai. Alikaa chini katikati ya magoti ya msusi na kuanza kusimulia habari za bwenini kabla kitana hakijamgusa. Dirishani cherehani ya fundi ilikuwa ikienda, na msusi alijua kwamba haishoni kitu. Ilikuwa inajizungusha tu ili isionekane kwamba mtu anasikiliza.

“Leo usilipe,” msusi alisema walipofika fungu la tatu.

Msichana alikatiza hadithi yake. “Kwa nini, mama?”

“Nimependa tu.”

“Mama, hakuna msusi anayependa tu.”

Msusi alicheka kidogo. Hakuwa amezoea kuomba. Mikono yake iliendelea kusuka kwa sababu ilijua njia, na kichwa cha mtoto wa watu kilikuwa kimetulia mapajani mwake, hakiwezi kwenda popote.

“Ngazi anatakiwa kumi na nne kesho,” alisema. “Zisipofika, hatarudi chuo. Nakuomba, mwanangu. Ukiushika mpira, mtazame na yeye.”

Cherehani ilikuwa imenyamaza.

“Mama, unanivuta.”

“Samahani.”

“Aliniambia ana barua. Hakuniambia kumi na nne.” Kidole alichezea ukingo wa kanga aliyofunikwa mabegani. “Na mimi ninayo, mama. Yangu haihesabu alama. Inahesabu mitupo ya mbali iliyoingia. Mitatu kila mechi. Nikikosa mechi mbili mfululizo wananirudisha nilikotoka, na nilikotoka hata hiyo cherehani hakuna. Wiki ile ya kwanza nilipata miwili. Unajua nililalaje?”

Alikuwa amejiandaa kumchukia msichana huyu na hata hilo sasa lilikuwa limemponyoka. Alifunga msuko, akachukua mwingine.

“Mimi nikiacha kupiga, sili,” Kidole alisema. “Lakini nikishapata mitatu yangu, mama, yote itakayobaki ni yake. Naapa. Nitamlisha mpaka aseme basi.”

“Mungu akuweke.”

“Na mwenzangu nitamwambia. Ila yeye barua yake sijui inasemaje. Kila mtu ana yake.”

Alipomaliza kusukwa alijitazama kwenye kioo, akasema amependeza kama mke wa waziri, akaweka pesa juu ya kigoda na kutoka mbio kabla msusi hajainuka.

*

Uwanja wa chuo ulikuwa wa saruji, na majukwaa ya saruji pande mbili. Fundi na mkewe walikaa ngazi ya tatu. Yeye alikuwa amevaa shati la sikukuu.

Kidole alitimiza neno lake kwa namna iliyowashangaza hata waliomwapisha. Mpira wa kwanza aliurusha kutoka mbali, ukaingia. Wa pili ukaingia. Wa tatu uligonga chuma, ukazunguka, ukafikiri, ukaingia. Dakika ya saba alikuwa na yake mitatu, akainua kidole, na tangu hapo hakupiga tena. Walinzi hawakujua. Waliendelea kumfuata huko nje wawili wawili, wakimwogopa, na yeye anaupitisha mpira katikati yao kama anayempa mtu kikombe dirishani. Binti aliupokea chini ya kikapu, peke yake kabisa. Mbili. Baadaye mbili. Mwenzake Kidole naye akatoa mmoja. Sita. Kabla filimbi ya mapumziko, akiwa amegeuka kwa mkono wa kushoto: nane.

“Bado sita,” fundi alimwambia mkewe. “Sita tu. Nusu nzima imebaki.” Alimshika mkono mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Ubao ulisema hamsini na mbili kwa ishirini na moja. Ilikuwa ndiyo nusu bora ambayo timu ile ilipata kucheza. Hakuna aliyekumbuka chuo hicho kikifunga hamsini kabla ya mapumziko, na majukwaani watu walikuwa wakiimba.

Timu ziliporudi, waliotoka benchini kuingia uwanjani walikuwa wasichana watano wengine. Ngazi alikuwa ameketi, taulo mabegani, amenyoosha ile miguu mirefu. Kidole alikuwa kando yake. Wote wanne wa nje walikuwa kando yake.

“Anawapumzisha kidogo,” mama alisema.

Dakika tano zikapita. Mwanamume mmoja mwenye ovaroli ya gereji, aliyekaa mbele yao, aligeuka machozi yakimlengalenga. “Yule namba kumi na nne ni wangu,” alimwambia fundi. “Tangu mwaka uanze sijamwona akigusa mpira. Leo ameingia.” Fundi akampa mkono wa hongera. Angefanya nini?

Robo ya nne ilipofika katikati, aliteremka hadi nyuma ya benchi. Mlinzi wa uwanja alimzuia kwa mkono, kocha akaashiria aachwe.

“Kocha, mrudishe.”

“Fundi, tunaongoza kwa ishirini na nane. Nikiwarudisha wale watano wa kwanza nitaambiwa nawatukana wenzetu. Hawa wa benchi wamesubiri muhula mzima. Na Jumamosi ijayo ni fainali. Nikimvunja mguu leo kwa ajili ya nini?”

“Kwa ajili ya sita.”

“Sita za nini?”

Ndipo fundi alipojua kwamba kocha hakuwa ameshika namba yoyote kichwani. Hakuwa amemnyima binti yake. Hakuwa amefikiria. Akamweleza, kwa haraka, huku mchezo ukiendelea na watu wa nyuma wakimwambia ainame. Kocha alimsikiliza mpaka mwisho. Akatazama saa ya ubao. Zilikuwa zimebaki dakika nne.

“Ngazi, vua taulo.”

“Na Kidole,” fundi alisema. “Na mwenzake. Kocha, waingie pamoja.”

“Mmoja nitaeleza. Watano sitaweza kueleza.”

Kwa hiyo aliingia peke yake katikati ya wasichana wanne waliosubiri muhula mzima, na kati yao hapakuwa na hata mmoja anayeweza kufunga kutoka mbali. Walinzi waliligundua hilo kabla ya pasi ya pili. Wakawaacha wale wanne wasimame huko nje wanavyotaka, wakarudi wote chini ya kikapu, na Ngazi akajikuta amezingirwa na watatu, kama zamani. Tofauti ni kwamba zamani aliwazoea. Sasa alikuwa amekaa saa nzima, mwili umepoa, na majuma sita hakuwa amecheza hivyo. Mpira wa kwanza ulipokonywa mikononi mwake. Wa pili aliupiga, ukapanguliwa. Wa tatu walimgonga mkono, akapewa mitupo miwili ya bure. Fundi aliinama, akatazama saruji katikati ya viatu vyake. Alisikia mmoja ukigonga chuma. Alisikia watu wakishangilia mmoja. Mpira wa nne haukuja.

Tisini na tano.

*

Jumapili nzima walijipa matumaini kwa ile nusu. Tisini na tano kwa mechi kumi ni tisa na nusu, na mwalimu wa hesabu aliyekuja kuchukua koti lake alithibitisha, akiwa amesimama mlangoni, kwamba nusu hupandishwa juu. “Popote duniani,” alisema. Fundi hakumtoza kazi ya kubadilisha bitana.

Jumanne karani wa udhamini aliwasikiliza baba na binti mpaka mwisho, pamoja na habari za mwalimu. Akavua miwani.

“Niliipeleka hoja hiyo mimi mwenyewe kwenye kamati,” alisema. “Nikawaambia nusu inapanda. Mwenyekiti akanisomea: ‘kumi au zaidi’. Akaniuliza, hii ni kumi? Nikasema siyo. Akauliza, ni zaidi?” Aliirudisha miwani. “Kitanda utakiacha Jumamosi saa sita mchana, mwanangu. Kuna mwingine anakuja. Yeye ana sentimita mbili zaidi yako, wanasema.”

Nyumbani baba alikaa kwenye cherehani bila kushona, na alipozungumza aliongea akitazama sindano.

“Jumamosi hiyo ni fainali.”

“Ndiyo.”

“Huendi.”

“Jina langu bado liko kwenye orodha ya wachezaji, baba. Kocha ameniomba.”

“Kocha akuombe? Wamekutoa kitandani saa sita, saa tisa wakutumie? Hapana. Wakasimamishe mlingoti.”

Mama aliacha alichokuwa akifanya. Binti alikuwa ameketi sakafuni, magoti yamefika kidevuni, kwa sababu viti vya nyumba ile havikumfaa.

“Barua ya Kidole inahesabu na fainali,” alisema.

“Kwa hiyo?”

“Mechi ya mwisho alipata mitatu. Lakini ile ya Jumatano alipata mmoja. Baba, walinzi wa fainali wanamjua, watamganda. Nisiposimama, hapigi. Akikosa hii na ya kwanza ya muhula ujao, anarudi kwao.”

“Yeye alikupa mipira baada ya kushiba.”

“Angeweza asinipe.”

“Na wewe ulimsimamia majuma sita mpaka ukafika hapa. Haitoshi?”

“Sijui kama inatosha,” binti alisema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomwumiza baba kuliko kila kitu. “Yangu imeshaisha. Nikikaa nyumbani haifufuki. Yake bado.”

Fundi alitaka kusema neno juu ya ile siku ya kalamu, ya kumi, ya kicheko chake. Alikuwa nalo tayari tangu Jumatatu ile na alifunua mdomo kulisema. Kilichotoka kilikuwa, “Utakula?”

*

Alikuwa ameapa haendi. Lakini vitu vya bwenini vilihitaji mtu wa kuvibeba, na binti alikuwa na mechi. Saa sita alipokea godoro lililokunjwa na kufungwa kamba, ndoo yenye sahani na vitabu, na mfuko wa nguo. Hapakuwa na mahali pa kuviacha. Mlinzi wa geti alikataa, stoo ilikuwa imefungwa kwa sababu ya fainali. Basi akapanda navyo majukwaani, akakaa mwisho wa safu, ndoo miguuni, godoro kando yake.

Uwanja ulijaa. Kidole alikuwa amegandwa kweli. Mlinzi mmoja alimfuata kila alikokwenda na wa pili alimsubiri mbele, na kwa mara ya kwanza fundi hakutazama mpira. Alimtazama binti yake. Alimwona akitoka mbio chini ya kikapu, akafika, akakita miguu sakafuni, akakunja mikono kifuani na kufumba macho. Yule mlinzi akamgonga kifua kwa bega kwa kasi yake yote. Sauti yake ilifika mpaka juu. Kidole akazunguka nyuma yake, akapata nafasi ya pumzi moja, akapiga. Watu wote walikuwa wakitazama mpira ulivyokuwa ukienda. Binti yake alikuwa anainuka kutoka chini, amejishika mbavu, anakimbia kwenda kusimama mahali pengine.

Ikawa hivyo mara kumi, mara kumi na tano. Waandishi wa mechi mezani waliandika walichoagizwa kuandika.

“Mzee, hilo godoro,” bwana mmoja alisema, akiwa amesimama na mkewe kwenye njia. “Watu wanataka kukaa.”

“Samahani.” Fundi alilivuta godoro, akalipakata. Lilimfika usoni. Ilimbidi aelemee upande mmoja ili aone uwanja.

Bwana yule alikaa, akamshukuru, na baada ya muda akataka mazungumzo, kwa kuwa timu ilikuwa inaongoza na watu walikuwa na furaha. “Una mtoto humu?”

“Ninaye.”

“Ni huyu wa kidole?”

“Siye. Yule mrefu.”

Bwana alimtafuta kwa macho, akampata. “Yule asiyefunga?”

“Huyo huyo,” fundi alisema.

Mpira wa Kidole ukaingia tena, bwana na mkewe wakainuka kushangilia na safu yote ya mbele ikainuka, na fundi, kwa kuwa alikuwa amepakata godoro, alibaki amekaa.